Kumrudi mtoto mwenye ADHD: yanayofanya kazi nyumbani na shuleni

Mtoto wa miaka minane anatumwa chumbani akavae viatu vya shule. Dakika kumi baadaye yuko sakafuni, kiatu kimoja mguuni, anachezea kamba ya kile kingine. Ukimuuliza ametumwa nini, anakujibu sawasawa, na hapo ndipo wazazi wengi hupandwa na hasira: kumbe anajua! Anajua, ndiyo. ADHD, yaani hali ya ubongo inayoleta upungufu wa umakini na kutotulia, haimnyimi mtoto kujua la kufanya. Inamnyima kulifanya saa ile ile linapotakiwa, kulishikilia mpaka liishe, na kujizuia jambo jingine linapomvuta.

Kwa hiyo ukumbusho, sifa na adhabu vyote visogezwe karibu na tendo lenyewe, kwa wakati na kwa mahali. Nasaha ya jioni juu ya kosa la asubuhi haimfikii. Wala ahadi ya baiskeli akifaulu mtihani wa Novemba haimsukumi mwezi wa Machi. Karibu kila kosa la malezi tutakalolitaja hapa chini ni la kuchelewa au la kuwa mbali.

Kabla ya yote, hakikisha ni ADHD

Utundu peke yake si ugonjwa. Daktari hupima makundi mawili ya dalili, tisa za kukosa umakini na tisa za kutotulia na kukurupuka. Mtoto huhesabiwa kuwa na ADHD akiwa na dalili sita au zaidi katika kundi moja au yote mawili, zikiwa zimedumu miezi sita au zaidi, zimeanza kabla hajafika miaka 12, na zinaonekana mahali pawili au zaidi. Mtoto anayesumbua darasani tu, ilhali nyumbani na madrasa ametulia, yawezekana haoni ubao, anaonewa na wenzake, au lugha ya kufundishia inampita. Kwa upande mwingine, yule binti mpole anayekodolea macho dirisha kipindi kizima, asiyemkera mtu, anaweza kuwa na ADHD ya kukosa umakini na asigunduliwe mpaka afeli. Wasichana wengi hupotea kwa njia hiyo.

Mwombe daktari aangalie masikio, macho na wingi wa damu. Mweleze kama mtoto hukoroma sana usiku, kwa sababu tonsili zilizovimba huharibu usingizi, na mtoto asiyelala vizuri hufanana kabisa na mwenye ADHD. Mweleze kama huganda kwa sekunde chache, macho wazi, ukimgusa haitiki, kisha anaendelea kama hakuna kilichotokea. Hicho huenda ni kifafa, na tiba yake ni nyingine. Kama aliwahi kulazwa kwa malaria iliyopanda kichwani, hilo nalo liandikwe, maana linaweza kuacha matatizo ya umakini. Kliniki za afya ya akili zipo katika hospitali za rufaa za mikoa, Muhimbili na Mirembe kwa Tanzania, na Mathari kwa Kenya. Kenya kuna pia vituo vya tathmini ya elimu, EARC, vinavyosaidia upande wa shule.

Sukari haileti ADHD. Malezi mabaya hayaileti. Mapepo tusiyazungumzie. Sehemu kubwa ni ya kurithi, na mara nyingi baba anayelalamika kwamba mtoto hatulii ndiye aliyekuwa vivyo hivyo darasa la tatu.

Tenga "hawezi" na "hataki"

Chukua karatasi, uandike makosa yote ya wiki moja, kisha uyagawe safu mbili. Kusahau daftari, kudakia maneno ya wakubwa, kutikisa miguu, kupoteza sweta, kuacha kazi katikati: hayo yaende safu ya "hawezi bado". Dawa yake ni msaada, hayana adhabu. Kumpiga mdogo wake, kutukana, kukataa agizo waziwazi, kuchukua hela bila ruhusa: hayo yaende safu ya pili, nayo yana adhabu ndogo ya haraka. Kwa kawaida utakuta safu ya kwanza ndiyo ndefu, na ndiyo iliyokuwa ikila viboko vingi zaidi.

Katika kukadiria, ichukulie kwamba uwezo wa mtoto huyu wa kujitawala uko nyuma ya umri wake kwa karibu theluthi. Wa miaka tisa umsimamie kama wa miaka sita. Akili yake ni jambo jingine, inaweza kuwa ya umri wake au kuupita. Lakini ndiyo maana kumwachia peke yake jiko la mkaa, kisima kisichofunikwa au kuvuka barabara kubwa, eti kwa sababu "amekua", ni hatari. Watoto hawa huumia kwa ajali kuliko wenzao.

Jinsi ya kutoa agizo

Usipaze sauti kutoka jikoni. Mfuate alipo, inama mpaka macho yakutane, mguse bega, taja jina lake. Toa agizo moja lenye maneno machache, kisha nyamaza na uhesabu kimoyomoyo mpaka kumi. Ukirudia ndani ya sekunde hizo kumi unamkatiza kabla hajaanza. Akianza tu, hata kama hajamaliza, msifie.

"Tulia", "kaa vizuri" na "acha fujo" si maagizo, kwa kuwa hayasemi mwili ufanye nini. Sema "miguu chini", "weka kijiko mezani", "ongea taratibu kama mimi". Agizo lisiwe ombi pia. Ukiuliza "hivi unaweza kuniletea ndoo?", umempa nafasi ya kusema hapana. Na mlolongo kama "kaoge, uvae, unywe chai, uchukue begi" huishia kwenye kaoge. Vingine vyote vinadondoka njiani.

Akikataa baada ya kumi, sema mara moja tu: "Usipoweka simu chini sasa, utakaa kwenye kiti cha adhabu." Hesabu tena mpaka kumi, kisha tekeleza. Mzazi anayeonya mara sita amemfundisha mtoto kwamba maonyo matano ya kwanza ni bure.

Sifa nayo itaje tendo. "Umeweka bakuli chini mara ya kwanza niliposema" inamfundisha kitu, "mtoto mzuri" haimfundishi. Kwa kila karipio moja lenga sifa nne au tano. Wazee wengine hawapendi mtoto asifiwe mbele za watu, wasije wakamtia kijicho. Basi mnong'oneze, au mshike kichwa kwa tabasamu. Kinachotakiwa ni awahi kupata jibu, hata likiwa la kimyakimya.

Asubuhi

Hapa ndipo nyumba nyingi hugombana, kwa hiyo tukae kidogo.

Kazi ya asubuhi huanza jana yake usiku. Kabla ya kulala, mtoto mwenyewe, wewe ukiwa umesimama pembeni, anapanga nguo juu ya kiti kwa mpangilio wa kuvaa: chupi juu kabisa, kisha shati, kaptura au sketi, sweta chini. Soksi ziingizwe ndani ya viatu, na viatu vikae mlangoni juu ya begi, ili asiweze kutoka bila kugusa begi. Daftari la kazi ya nyumbani liingie begini pale pale kazi inapokwisha, si "kesho asubuhi".

Ukutani, usawa wa macho yake, bandika karatasi yenye michoro isiyozidi mitano: kuamka, mswaki, kuvaa, chai, begi. Michoro ni bora kuliko maneno hata kwa anayejua kusoma. Weka pini ya nguo kwenye karatasi, aisogeze kila anapomaliza hatua. Akikwama, usimwambie "vaa!", mwulize "pini iko wapi?" Swali hilo linamrudisha kwenye karatasi badala ya kumfanya akutegemee wewe. Televisheni na simu zisiwashwe mpaka pini ifike kwenye begi, na zikiwashwa ziwe za dakika zilizobaki tu.

Mpango huu ukiharibika, mara nyingi ni kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba karatasi imebandikwa sebuleni wakati mtoto anavaa chumbani. Ihamishe. Ya pili ni kwamba mtoto amechoka. Wa miaka 6 hadi 12 anahitaji saa 9 mpaka 12 za usingizi. Kama basi la shule humlazimisha aamke saa 11 alfajiri, basi lazima awe ameshalala saa 2 usiku, na hapo hata hizo ni saa tisa tu. Tuisheni inayoisha saa moja na nusu jioni, ikafuatwa na chakula na kazi ya nyumbani, inaiba usingizi huo. Kwa mtoto huyu tunaona ni bora tuisheni ikatwe kuliko usingizi.

Vizibo vya soda

Malipo madogo ya papo kwa papo yanamsaidia mtoto huyu kuliko zawadi kubwa ya mwezi ujao. Andaa kopo la plastiki linaloonyesha ndani na vizibo kama hamsini, au maharage, au vifungo. Chagua tabia nne au tano zisizo na utata, angalau mbili ziwe zile anazoziweza tayari.

Mfano kwa mtoto wa darasa la pili: kuwa tayari mlangoni saa 12:15 asubuhi, vizibo 3, kuleta kadi ya shule (tutaieleza chini), 2, kumaliza kazi ya nyumbani, 3, kuoga akiambiwa mara moja, 2, kulala kwa wakati, 2. Jumla ya siku ni 12. Bei nazo ziandikwe: dakika 15 za katuni, vizibo 3, mchezo wa karata na baba, 2, kuchagua mboga ya chakula cha usiku, 3, kwenda ufukweni au uwanjani Jumapili, 25. Panga bei ili mtoto mwenye siku nzuri atumie kama vizibo vinane siku hiyo hiyo na abaki na vinne vya akiba. Zawadi zote zikiwa za kusubiri, atakata tamaa kabla ya Jumatano.

Kizibo kitolewe mkononi mwake papo hapo, kikifuatana na neno la sifa, na yeye ndiye akitumbukize. Siku mbili za kwanza toa kwa ukarimu, hata kwa juhudi nusu, ili auonje mchezo. Usinyang'anye kizibo chochote wiki mbili za mwanzo. Baada ya hapo unaweza kutoza faini kwa makosa ya safu ya pili tu, kizibo kimoja au viwili, na faini zisizidi anachopata. Kopo likifika sifuri, mfumo umekufa, kwa sababu hana tena cha kupoteza.

Mambo haya huvunjika kwa njia zinazojulikana. Bibi humpa katuni za bure, na vizibo vinakosa thamani. Bandika bei ukutani ili bibi, shangazi na dada wa kazi wazione, uwaombe wasitoe kilicho kwenye orodha. Ndugu zake huona wivu, na wana haki. Kila mmoja apewe kopo lake na malengo yake. Baada ya wiki mbili au tatu mtoto huchoka, na hiyo ni dalili ya kubadili bei na zawadi, si ya kuacha. Na kosa kubwa kuliko yote ni kuacha kwa sababu mambo yamekuwa mazuri. Yamekuwa mazuri kwa ajili ya kopo.

Adhabu

Adhabu nzuri kwa mtoto huyu ni ndogo, huja ndani ya dakika moja, na haibadiliki leo na kesho. Ya kwanza ni kiti. Kiweke mahali pasipo na cha kuchezea lakini unapomwona. Nyumba ya chumba kimoja inatosha, hata mkeka kwenye kona. Muda ni dakika moja kwa kila mwaka wa umri, na kwa mwenye ADHD nusu yake mara nyingi hutosha. Akipiga kelele usijibizane naye. Anainuka pale muda umekwisha na sekunde chache za mwisho amekuwa kimya, kisha anarudi kufanya lile agizo alilokataa. Asiporudi kulifanya, atakuwa amejifunza kwamba kiti ni njia ya kukwepa kazi. Kwa sababu hiyo hiyo, usikitumie kiti kwa ugomvi wa kazi ya nyumbani. Kumfungia chooni au gizani si kiti, ni kumtisha.

Ya pili ni kupoteza kitu kwa muda mfupi unaokaribiana na kosa. Amerusha mpira ndani ya nyumba, mpira unapumzika mpaka jioni. Ukimnyang'anya mwezi mzima, kufikia siku ya nne amesahau sababu na wewe umechoka kulinda kabati.

Na kelele zisizo na madhara, kama kunung'unika, kugonga meza au kuuliza jambo lile lile mara kumi, zipuuze kabisa, kisha umgeukie mara tu anapoacha. Jiandae: ukianza kupuuza, kelele huongezeka kwa siku kadhaa kabla ya kupungua. Ukikubali siku ya tatu, umemfundisha kwamba kelele za siku tatu hulipa.

Fimbo je? Inamsimamisha kwa dakika chache, ndiyo maana inaonekana kufanya kazi. Haimfundishi kupanga soksi wala kusubiri zamu, na kwa mtoto ambaye tatizo lake ni kukurupuka, inamwonyesha mkubwa naye anakurupuka. Vipigo vya kurudiwa huongeza ukali na uongo. Mtoto mwenye ADHD hufanya makosa mengi kwa siku kuliko wenzake, kwa hiyo katika nyumba au darasa la fimbo yeye ndiye anayepigwa kila siku, kisha anazoea.

Ongeza kitu kimoja kisicho cha malipo: dakika 10 hadi 15 kila siku za kucheza naye anachokitaka yeye, bila kufundisha wala kukosoa, na zisifutwe hata siku aliyokosea. Bila hizo, sifa na vizibo huonekana kama biashara.

Shuleni na madrasa

Kenya ilipiga marufuku viboko shuleni mwaka 2001. Tanzania Bara bado inaviruhusu, ila kwa kanuni: anayechapa ni mwalimu mkuu au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, visizidi vinne, na viandikwe kwenye daftari maalumu. Nenda kwa mwalimu mkuu mapema, mwanzo wa muhula, ukiwa na barua ya daktari, uombe mtoto asichapwe kwa kusahau au kuinuka. Usiende na lawama. Mwalimu mwenye wanafunzi themanini anahitaji kumsaidia mtoto huyu bila kuongezewa kazi.

Yafuatayo hayamgharimu kitu: akae mbele, mbali na mlango na dirisha, kando ya mwenzake mtulivu, apewe kazi za kusimama, kama kufuta ubao, kugawa madaftari, kupeleka ujumbe ofisini, aruhusiwe kuandika akiwa amesimama mstari wa nyuma vipindi vya mchana, apewe hesabu tano badala ya kumi, au ukurasa ukunjwe aone tano kwanza. Mapumziko yasikatwe kama adhabu. Kumnyima kukimbia mtoto asiyetulia ni kununua vurugu za kipindi kinachofuata. Madrasa, watoto wengine wenye ADHD hukariri vizuri wakitikisika na kusoma kwa sauti, basi ustadhi asiwalazimishe kukaa kama nguzo. Wapewe aya chache kwa zamu nyingi.

Kadi ya siku iwe kipande cha karatasi ngumu, si daftari. Mistari mitatu: *alianza kazi alipoambiwa, alibaki mahali pake, mikono yake ilikaa kwake*. Safu mbili: kabla ya mapumziko na baada. Mwalimu anaweka alama ya vema au anaacha wazi, sekunde kumi basi. Siku nne za mwanzo kusanya tu bila kulipa, uone kawaida yake. Kama hupata vema mbili kati ya sita, lengo la wiki ni tatu. Ukiweka tano utakuwa umemtega. Vizibo vyake vya kadi vitolewe jioni hiyo hiyo. Kadi ikipotea ihesabiwe sifuri, bila maswali na bila ugomvi, kwa sababu ukianza kusikiliza hadithi za kadi zilizopotea hutazimaliza.

Kazi ya nyumbani ifanyike baada ya kula na kukimbiakimbia, kwa vipande vya dakika 10 hadi 15, katikati dakika tatu za kuruka au kunywa maji. Saa ya mishale mezani humsaidia kuliko saa ya simu, kwa kuwa anauona muda ukisogea, na simu yenyewe ni mtego. Kaa karibu naye ukifanya kazi yako, uchambue mchele au upige pasi. Huna haja ya kufundisha.

Dawa

Kwa mtoto aliye chini ya miaka sita, mafunzo ya wazazi kama haya hutangulia dawa. Kuanzia sita, dawa pamoja na malezi ndiyo njia inayopendekezwa pale hali inapomharibia masomo na urafiki. Methylphenidate ndiyo iliyozoeleka. Ile ya muda mfupi hufanya kazi kama saa nne, haimlazi mtoto, na ikiwa imemfanya azubae kama mgonjwa, mrudishe kwa daktari apunguze kipimo. Hukata hamu ya kula mchana na huweza kuchelewesha usingizi, kwa hiyo mpe kifungua kinywa kizito kabla ya dozi, mathalani uji wa lishe na yai, akale vizuri tena jioni. Uzito, urefu, mapigo ya moyo na shinikizo la damu vipimwe kila anapohudhuria kliniki. Haitolewi bila cheti cha daktari, na haigawiwi kwa mtoto wa jirani.

Piriton na dawa nyingine za mafua zinazoleta usingizi, ambazo watu hununua duka la dawa ili "atulie", hazitibu ADHD. Zinamfanya asinzie darasani, umakini unazidi kushuka, na siku dawa hizo zinapokosekana anarudi pale pale.

Vizibo vikiwa vimefanya kazi miezi miwili au mitatu, anza kupunguza tabia moja moja, kwanza ile aliyoizoea kabisa, ukiacha sifa za mdomo mahali pake. Likizo ndefu huvuruga ratiba. Wiki ya kwanza ya muhula rudisheni malengo ya chini mliyoanza nayo, hata kama muhula uliopita alishayavuka.